Wodi ya Uzazi Si Seli, na Haki ya Mama Si Fadhila ya Mtu



Kijana wa Kiislamu, tuongee wazi leo. Mwenzetu akichukuliwa na watu wasiovaa sare, wewe huhitaji kuamshwa. Utasambaza picha yake, utauliza yuko kituo gani, utakumbusha watu kwamba Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hayo unayajua kwa sababu tumeyasema miaka na miaka mpaka midomo ikakauka.

Sasa tujibu hili. Mama amejifungua salama alhamdulillah. Daktari ameshamwambia aende nyumbani. Akifika langoni, askari wa hospitali anamrudisha wodini, ati bili haijalipwa. Anakaa siku ya tatu, ya saba, ya kumi na tano. Siku ya akika ya mtoto imempitia humo humo ndani, na baba yuko mtaani anazunguka kwa jamaa kuchanga. Huyo mama amezuiliwa au hajazuiliwa? Amefikishwa mbele ya hakimu gani? Na mbona picha yake hatuioni kwenye simu yako?

Msimamo wetu ni huu. Yanayomfika mama mjamzito na mama aliyejifungua, hospitalini na kazini, ni mambo ya haki za raia, sawa na utekaji, sawa na kunyimwa kitambulisho, sawa na dada kuvuliwa hijabu mlangoni mwa shule. Sheria za kumlinda zipo, tena nyingi. Kinachokosekana ni watu wa kuzidai. Na ukisema hayo ni mambo ya wanawake, basi utuambie wewe ulizaliwa na nani.

KORTI ZILISHASEMA

Tuanze na hilo la kuzuiliwa. Mwaka 2010 kina mama wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kukosa pesa za kulipia huduma. Walikwenda kortini. Mnamo Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuwazuilia kulikuwa kinyume cha sheria na kulivunja haki zao, pamoja na haki ya uhuru na ya heshima ya utu. Akaagiza walipwe fidia.

Elewa maana yake. Hospitali ikikudai, ni mdai kama mdai mwingine yeyote. Mwenye duka ukimdai hakufungii stoo. Atakuandikia, mtakubaliana ulipe kidogo kidogo, na mkishindwana atakwenda kortini akadai deni lake. Mwili wa mama haukuwekwa rehani, wala wa mtoto. Na akifariki, Allah atuhifadhi, maiti pia si rehani. Korti za Kenya zimeshasema maiti si mali ya kushikiliwa kwa deni. Sisi Waislamu ambao hutaka kuzika siku hiyo hiyo, hili tungekuwa tumelikariri kama namba zetu za simu.

Kesi ya pili ni ya Bungoma. Mwaka 2013, miezi michache tu baada ya serikali kutangaza kujifungua bure katika hospitali za umma, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ushoroba wa hospitali ya umma kwa sababu vitanda vyote vilikuwa vimejaa. Alipozindukana alipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi kwa kuchafua sakafu. Kuna aliyenasa video, na nchi nzima ikaona. Mwaka 2018 Jaji Abida Ali-Aroni alimpa mama huyo ushindi na fidia ya shilingi milioni 2.5, na akazilaumu serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kutotenga rasilmali za kutosha kwa huduma hiyo.

Tazama jambo moja. Hakuna sheria mpya iliyotungwa kwa ajili ya kina mama hawa. Walitumia Katiba ile ile ya 2010 ambayo wewe una nakala yake kwenye simu. Tofauti yao na wengine ni kwamba wao walikataa kunyamaza, na kulikuwa na watu wa kusimama nao.

AKIFIKA HOSPITALINI

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mama anayevuja damu ni dharura. Mama aliyepandwa na presha mpaka anapata kifafa cha mimba ni dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mtu wa dharura ikakataa, imetenda kosa la jinai, na faini yake inafika shilingi milioni 3. Kwa hiyo yule karani anayesema "lipeni kwanza amana" huku mama yuko kwenye machela, hafuati sheria yoyote ile. Kwanza mgonjwa atulizwe hali yake, au atafutiwe gari la kumpeleka hospitali nyingine. Habari za pesa zije baadaye.

Sheria hiyo inataka pia mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Mama kutoka Kinango au Garissa ambaye Kiingereza hakijui ana haki ya kuelezwa kwa nini anapasuliwa, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa lugha yake. Kuandikishwa kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa si ridhaa.

Na hapa kwenye ridhaa, nyinyi wanaume msogee karibu. Mama mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia matibabu yake. Sahihi ya mume si sharti la kisheria. Lakini mara ngapi mama yuko leba, daktari amesema mtoto amechoka na upasuaji unahitajika sasa hivi, na watu wamekaa wanampigia simu baba aliye safarini, au mama mkwe anasema asubiri kidogo ajaribu kusukuma? Kila dakika ya kungojea ruhusa hiyo inamkata mama na mtoto. Hospitali inayongoja sahihi yako imekosea. Wewe unayejiona una kura ya turufu umekosea zaidi.

Kisha kuna heshima. Kifungu cha 28 kinalinda utu wa kila mtu na cha 32 kinalinda dini yake. Dada akiomba pazia livutwe, akiomba shuka ya kujisitiri, akiomba muuguzi wa kike kama yupo, huo si ukaidi na hafai kubezwa. Lakini kama hayupo na roho iko hatarini, fiqhi yetu wenyewe ina mlango wa dharura, na tuutumie. Asife mtu kwa kungoja daktari wa kike ambaye zamu yake ni ya kesho.

BURE ILIYOGEUKA KUWA FOLENI

Sheria ya Afya, kifungu cha 5, inazitaka serikali ya kitaifa na za kaunti zihakikishe huduma ya uzazi ni ya bure. Ndiyo, imeandikwa bure. Huduma hiyo ilitangazwa Juni 2013, ikaja kuitwa Linda Mama chini ya NHIF. Mama alijisajili bila kulipa chochote, akaenda kliniki, akajifungua.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, kuna SHA, na Linda Mama imekuwa Linda Jamii. Kujifungua sasa kumeingizwa kwenye bima inayotaka mchango. Cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara huambiwa alipe ya mwaka mzima. Kwa anayeuza viazi karai barabarani, shilingi 3,600 kwa mpigo ni hela nyingi. Sheria ya bima yenyewe inasema serikali itawalipia wasiojiweza. Basi swali la kumuuliza mbunge wako na mwakilishi wako wa wadi ni jepesi: kina mama wangapi wasiojiweza wa hapa kwetu wamelipiwa, na majina yao yako wapi? Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuuliza na kujibiwa.

Tena SHA husajiliwa kwa kitambulisho. Nani hajui hadithi ya vitambulisho katika jamii zetu? Vijana wa Kisomali, wa Kinubi na wengine wa mipakani wameketishwa mbele ya kamati za kuwachunguza kwa miongo mingi, wakaulizwa babu wa babu alizikwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza kuukomesha uchunguzi huo wa ziada. Vizuri. Lakini binti aliyesumbuliwa miaka mitano bila kitambulisho huenda leo ana mimba ya miezi minane. Kwake yeye suala la kitambulisho limehama ofisi ya chifu, liko mlangoni mwa leba. Ndiyo maana tunasema haya mambo ni kamba moja.

KAZINI

Sheria ya Ajira ya zamani ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 ikabadilisha. Sasa ni hivi:

Mama hupata miezi mitatu kwa mshahara kamili. Likizo yake ya mwaka haiguswi. Akirudi, anarudi kwenye kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya kwanza.

Anatakiwa tu atoe notisi ya maandishi ya angalau siku saba, au muda mfupi zaidi kama hali imelazimu, na akitakiwa alete cheti cha daktari au mkunga. Hakuna mahali sheria inapouliza kama ameolewa.

Mimba si sababu halali ya kufuta mtu kazi. Kubagua kwa sababu ya mimba kumekatazwa na Sheria ya Ajira na kifungu cha 27 cha Katiba, na kesi ikifika kortini, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Anayenyonyesha anastahili mahali maalum pa kunyonyesha au kukamulia maziwa kazini, na Sheria ya Afya inasema pasiwe chooni. Anastahili pia muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa kula.

Na baba ana wiki mbili kwa mshahara kamili. Ndugu yangu, hizo wiki mbili si za kwenda kukaa maskani. Ni za kumpikia uji mwenye jifungu, kufua nepi na kumkimbiza mtoto kliniki akipata manjano.

TUJIANGALIE SISI

Ni rahisi kuilaumu serikali. Sasa tugeuze kioo.

Yule binti anayelea watoto nyumbani kwenu, anayeamka kabla ya alfajiri na kulala wa mwisho: akipata mimba hufanywaje? Mnajua wenyewe. Anafungiwa virago jioni hiyo hiyo, anapewa nauli, na watu wanasema "ametuaibisha". Sheria ya Ajira haikumtenga mfanyakazi wa nyumbani. Miezi yake mitatu ni haki yake kama ya meneja wa benki. Na dhambi yake, kama ipo, hesabu yake iko kwa Mola wake. Haikufanyi wewe kuwa mmiliki wa mshahara wake.

Ustadha wa madrasa ya mtaani kwenu akijifungua, analipwa? Au tunampa kanga na dua halafu nafasi yake tunamchukua mwingine? Duka la ndugu yetu anayeswali safu ya kwanza lina wasichana wangapi walioambiwa "ukizaa usirudi"? Taasisi ya Kiislamu inayovunja haki ya mama haiwezi kuja kwetu kulalamika kwamba serikali inawaonea Waislamu.

Na wewe uliyemwacha mkeo ana mimba. Surat at-Talaq, aya ya 6, imeshaweka wazi kwamba mtalaka mwenye mimba hutunzwa mpaka ajifungue. Surat al-Baqara, aya ya 233, ikamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na ikataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuikamilisha. Si hisani yako hiyo. Dada, ukinyimwa, Mahakama ya Kadhi iko chini ya kifungu cha 170 kwa mambo kama haya ya talaka na matumizi. Na mtoto akishazaliwa, kifungu cha 53 kinasema malezi ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana.

"LAKINI NI QADAR"

Hili ndilo tunaloambiwa zaidi, na ndilo linaloua zaidi. Mama amefia kwenye kitanda cha uzazi, damu imeisha hospitalini, ambulensi haina mafuta, muuguzi mmoja wodi nzima. Tunazika. Tunasema ni qadar, tunasema aliyekufa kwa uzazi ni shahidi, tunafunga faili.

Tunaiamini qadar. Tunaamini cheo cha shahidi huyo. Lakini hebu tazama hesabu za sensa ya 2019. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, Kenya ilipoteza kina mama 355. Nyeri walikuwa 67. Garissa walikuwa 641. Ni zaidi ya mara tisa. Je, qadar ina mipaka ya kaunti? Au barabara, damu, madaktari na bajeti ndivyo vyenye mipaka hiyo?

Cheo cha marehemu kwa Allah hakimfutii mzembe hesabu yake. Anayesababisha kifo kwa uzembe akajificha nyuma ya neno shahidi ameichezea dini. Maryam, amani iwe juu yake, uchungu ulipomshika chini ya mtende hakuachwa hivi hivi avumilie. Alifunguliwa chemchemi ya maji na tende zikamdondokea. Mola wake alimpa mahitaji ya mzazi, tena pale pale. Sisi ni nani tumwambie mama avumilie sakafu?

Wengine watasema haki hizi ni mambo ya Wazungu. Soma tena hizo aya mbili tulizozitaja, kisha uje tuzungumze.

SASA UFANYE NINI

Kwanza, jua tarehe. Aliyefutwa kazi kwa sababu ya mimba anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba wa serikali ndani ya miezi mitatu. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kuisha. Wengi huja kwetu mwaka wa nne. Tunawaonea huruma, lakini mlango umefungwa.

Pili, tunza karatasi. Barua ya notisi uwe na nakala iliyopigwa muhuri au hata picha yake. Kitabu cha kliniki, bili, risiti, ujumbe wa WhatsApp wa meneja, jina na zamu ya aliyekuhudumia. Notisi ya mdomo haina ushahidi.

Tatu, akizuiliwa mtu hospitalini, usianze kwa kuchanga. Anza kwa kuandika. Mwandikieni msimamizi wa hospitali barua fupi: mama fulani ameruhusiwa na daktari tarehe fulani, kumzuia ni kinyume cha Katiba, deni tuko tayari kukubaliana namna ya kulilipa. Nakala ipelekeni kwa wakili na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinasema kufungua kesi ya haki za msingi kusitozwe ada.

Nne, aliyepigwa, aliyetukanwa au aliyepuuzwa akapata madhara, kuna Baraza la Wauguzi na Baraza la Madaktari. Wauguzi wengi ni watu wema wanaofanya kazi ya watu watano, na wao pia tunawatetea wakidai mishahara yao. Lakini kofi ni kofi.

Tano, bajeti. Afya ni ya kaunti. Kaunti ikiita kikao cha umma cha bajeti, ukumbi hujaa wazee wanaongoja soda. Nendeni nyinyi. Ulizeni zahanati ya kwenu ina mkunga usiku? Ambulensi ya mwisho kutengenezwa ni lini? Benki ya damu iko wapi? Muandike majibu, na mrudi mwaka ujao na karatasi ile ile.

Sita, imamu wenu. Mwombeni khutba moja tu ya Ijumaa kuhusu likizo ya uzazi, matumizi ya mtalaka mwenye mimba, na sahihi ya upasuaji. Akisema hajui sheria, mpelekeeni maandishi haya.

Hatuwaombi mpende siasa. Tunawaomba msimame na mama zenu, dada zenu na wake zenu kwa sauti ile ile mliyoizoea mbele ya kituo cha polisi. Mwanamke anayeingia leba yuko kati ya uhai na mauti, na hiyo ni mitihani tosha. Asiongezewe wa bili, wa bosi, wa karani na wa mume.

Sambaza hii kwa mtu mmoja mwenye mke au dada mjamzito. Mmoja tu, lakini hakikisha ameisoma.

Allah awajaalie wajawazito wote uzazi mwepesi, awahifadhi wazazi na watoto wao, na atupe sisi ujasiri wa kusimama kwenye haki. Amin.